Mbwa Ana Jina

Kila Jumatatu, kabla maprofesa hawajafika,
naingia ukumbi wa kitivo cha sheria, hapa Recife,
na ndoo, na siki, na fulana kuukuu ya marehemu mume wangu,
maana vitambaa vya chuo huacha manyoya.
Vigae ni mia tatu na kumi na viwili.
Nimevihesabu kwa mkono, miaka ishirini na mitatu.
Kimoja, karibu na dirisha, kimekaa kichwa chini:
fundi fulani wa zamani alikibandika vibaya,
na tangu siku hiyo miwa ya pale inaota kuelekea ardhini.
Sijamwambia mtu.

Ndani ya buluu ile bwana amelala machelani,
kofia usoni, kiatu kimoja kinaning'inia.
Wawili wamembeba, mmoja mbele, mmoja nyuma.
Mtoto ameshika mwavuli. Mbwa anafuata.
Wote wanatabasamu, hata mbwa.
Chini pameandikwa jina la bwana na la shamba lake,
na kwenye ukosi wa mbwa, ukisogea ukasugua sana,
utasoma: Fiel.
Mbwa ana jina.

Baba yangu alikata miwa
hadi bega lake la kulia likashuka,
vidole vitatu chini ya la kushoto.
Mama alimshonea mashati ya mikono isiyolingana.
Basi mabega nayajua.
Ya hawa wawili yamenyooka kama rafu ya duka la dawa.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi,
na mchoraji huyu alichora usufi,
mtu ambaye hata kikapu chake cha sokoni alibebewa.

Ila vidole vya mguu. Vya yule wa nyuma.
Vimeuma udongo, kucha zimezama,
kidole gumba kimejitenga kinatafuta pa kushika
kwa kuwa ndipo mwinuko unapoanza.
Hapo mkono ulimponyoka, akasema kweli.
Hapo huiweka fulana kando,
nikapafuta kwa kidole changu.

Jussara, mjukuu wangu, alifanyia mtihani wa mdomo humu.
Wakamwambia: Fafanua mali.
Akatazama juu ya upara wa mtahini,
akamwona mtoto wa mwavuli.
Dakika nne hakusema neno.
Nyumbani alikula wali bila kuketi.
"Jibu nililijua, bibi. Nililikariri wiki nzima.
Lakini lilikuwa linanitazama."

Kisha kamati.
Profesa Abelardo akasema historia haifutwi kwa nyundo.
Kijana mmoja, Uirá, alikuwa na nyundo kweli, ndani ya mkoba,
akatoka nayo kama alivyoingia.
Mama wa makumbusho akapima ukuta kwa utepe.
Mwingine akataka kibao cha shaba chenye maelezo,
wakagombana juu ya maelezo.
Vikombe kumi na tisa vya kahawa.
Niliviosha mimi.
Hakuna aliyeuliza ukuta ule anaujua nani.

Wakakata shauri: pazia.
Zito, la kijani, lenye pete za shaba.
Sasa wanasheria wanakula viapo mbele ya kitambaa
na hewa imekuwa nyepesi, wanasema.

Lakini pazia hula vumbi, na vumbi halina kamati.
Jumamosi ya mwisho wa mwezi nalishusha,
nalifua uani, nalianika juu ya baiskeli za wanafunzi,
na kwa saa tatu ukuta uko wazi, mimi nao.
Bado amebebwa.
Bado mwinuko haujaisha.

Ndipo huvuta kiti kimoja kutoka safu ya maprofesa,
cha ngozi, chenye mikono,
nikakiweka chini ya yule wa nyuma, karibu kabisa, kimgeukie.
Si changu. Mimi husimama.

Jumatatu nakikuta kimerudishwa safuni,
kimenyooshwa sawa na vingine.
Nakivuta tena.
Miguu yake imeanza kuchora sakafu.